Sauti ya Dirishani

Mhudumu wa afya alipobisha hodi, Sista alikuwa hajaoga kwa siku tano. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mapazia yalikuwa bado yamefungwa, naye alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, soksi moja mguuni na nyingine mkononi, akijishauri kama avae hiyo ya pili au avue ile ya kwanza. Shauri hilo lilikuwa limemchukua zaidi ya nusu saa.

Alinyamaza kimya ili mgeni adhani hakuna mtu. Hodi ikarudiwa. Kisha sauti ya mwanamke ikasema pale pale mlangoni, bila haraka, "Sista, najua umo ndani. Ufunguo uko kwenye kitasa upande wako."

Aliitambua sauti ile, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Kwa miaka thelathini na miwili Sista alikuwa muuguzi katika kituo cha afya, na kumi na tano ya mwisho aliketi kwenye dirisha la mapokezi, pale ambapo kila mgonjwa huanzia. Yeye ndiye aliyesikiliza shida ya mtu, akaiandika kwenye kadi, akaamua nani aingie kwa daktari na nani apewe vidonge arudi kwake. Daktari alikuwa mmoja na foleni ilifika barabarani, na hakuna aliyeweza kuimaliza foleni ile kama yeye. Watu walimbandika jina la Chapuchapu. Alilipenda, akalivaa kama nishani. Ukija na homa, ulihudumiwa. Ukija na kidonda, ulihudumiwa. Ukija na maneno marefu, ulikatwa katikati kwa mkono na kwa neno moja: mwingine.

Jua la mchana lilikuwa likimpiga usoni, na macho ya watu pia yakimchosha, kwa hiyo aliomba kioo cha dirisha kipakwe rangi nyeupe. Likaachwa tundu moja tu chini, la ukubwa wa kisahani. Wagonjwa waliinama wakazungumza na tundu. Waliona vidole vyake na kalamu, wakaisikia sauti yake, basi.

Mwanamke aliyesimama mlangoni sasa aliwahi kuwa mfagizi wa kituo hicho hicho. Mtaani aliitwa Mama Pacha, lakini kituoni Sista alimwita Ndoo. Siku yake ya kwanza kazini mtoto mmoja alitapika ukumbini, Sista akapaza sauti "Ndoo", akimaanisha chombo, na aliyekuja mbio ni yule mwanamke akiwa nacho mkononi. Watu walicheka, jina likaganda. Sista alilitumia miaka kumi na moja bila kujua kama mwenzake ana watoto, achilia mbali pacha.

Alifungua mlango nusu. Mama Pacha alikuwa na mkoba begani na kitambulisho kifuani. Alikuwa amepata mafunzo, akawa mhudumu wa afya wa kujitolea, kazi yake kutembelea wazee nyumba kwa nyumba.

"Karibu," Sista alisema, maana angesema nini.

Mama Pacha aliingia, akavuta kiti, akaketi bila kuangaza macho huku na huku. Hilo ndilo lililomuuma Sista zaidi. Mtu asiyetazama chumba ni mtu aliyekwisha kukiona.

"Tunapita kwa kila aliyevuka sitini," Mama Pacha alisema. "Jina lako liko kwangu tangu mwezi uliopita. Nilikuwa naona aibu kuja."

"Aibu ya nini?"

"Ulikuwa mkubwa wangu. Nitaanzaje kukuuliza mambo ya ndani?"

Alitoa karatasi, akaanza kuuliza. Katika wiki mbili zilizopita, unapata usingizi? Chakula kinapita? Vitu ulivyokuwa ukivipenda, bado unavipenda? Sista aliyajua maswali yale. Miaka miwili kabla hajastaafu, kituo kililetewa boksi zima la karatasi hizo, wagonjwa wazee waulizwe kabla ya kupelekwa kwa daktari. Boksi lilikaa kabatini. Baadaye yeye mwenyewe aliona karatasi ni nzuri na upande wa pili ni mweupe, akawa anaandikia ratiba ya zamu.

Kwa hiyo alijibu kama mwanafunzi aliyeuona mtihani jana yake. Nalala vizuri. Nakula. Hapana. Hapana. Sijambo kabisa.

Mama Pacha aliweka kalamu magotini.

"Sista, mimi nilikuwa nikipiga deki kituoni mara tatu kwa siku kwa sababu yako. Ukiona alama ya kiatu unaniita. Sasa nisaidie, hii sakafu ya hapa ilifagiwa lini?"

Sista alitazama chini. Aliona vumbi, maganda ya vidonge vya kichwa, na kikombe kilichopinduka siku asiyoijua.

"Sijui," alisema. Lilikuwa neno la kwanza la kweli kulitoa kwa mtu baada ya majuma mengi.

Walianza upya. Safari hii majibu yalikuja polepole. Walipofika swali la mwisho, kama kuna wakati anaona bora asingekuwepo, Sista aliizungusha ile soksi mkononi mpaka ikawa kamba.

"Sina nilichopanga," alisema. "Ila asubuhi nikifumbua macho, naona kama nimeonewa kuamka tena."

Mama Pacha hakuandika kwanza. Alimshika mkono. Kisha akasema, "Twende kwa daktari leo. Mimi na wewe."

"Sio kituoni kwetu."

"Kwa nini?"

"Wanione nimekaa kwenye benchi?"

Basi walikwenda hospitali ya upande wa pili wa mji, ambako hakuna aliyemjua. Daktari alikuwa kijana mpole, mwenye shati lililopauka kola. Sista alimweleza, akamalizia kwa kucheka kidogo, "Lakini ni uzee tu huu, daktari."

"Nani alikwambia ni uzee?" kijana aliuliza. "Mama, huu ni ugonjwa. Unaitwa sonona. Unawapata vijana, unawapata wazee, na wote tunawatibu. Aliyekwambia ni uzee alikukosea sana."

Sista alitazama dirishani. Mama Pacha naye alitazama mkoba wake.

Alipewa dawa, akaambiwa zitachukua wiki kadhaa kuanza kusaidia. Akaambiwa pia asikae peke yake. Kulikuwa na vikundi vya wazee vinavyokutana kila wiki, kimojawapo mtaani kwake. Sista alikataa hicho cha mtaani kwake. Alitaka cha mbali, ambako hakuna atakayesema, ala, kumbe na Sista naye. Mama Pacha alifunga mkoba wake, akaufungua tena, halafu akasema kipo kimoja mitaa minne kutoka kwa Sista, siku ya Alhamisi, na yeye ndiye anayekisimamia.

"Nikutambulishe vipi?"

"Vyovyote. Usiseme nilikuwa nani."

Kikundi kilikutana katika chumba kilichokuwa stoo ya vifaa vya shule ya chekechea. Kilikuwa na madirisha mawili makubwa, viti vya plastiki, na meza ndefu. Shule iliwapa magunia ya maharage ya chakula cha watoto wachambue mawe na mapepe, nao waliwapa watoto maharage safi. Mama Pacha alisema mikono ikiwa na kazi, mdomo haujioni. Walikuwa kama kumi na wawili: mshonaji mmoja ambaye macho yake yalikuwa yamechoka, karani wa zamani wa posta, wajane kadhaa, na bibi mmoja mnene aliyejipa kazi ya kuwatilia wote chai hata wasiotaka.

Na kulikuwa na Breki. Huyo alikuwa dereva wa lori kwa miaka thelathini na moja, mzee mrefu wa miaka sabini na miwili mwenye kofia ya kitambaa iliyokaa mkononi zaidi kuliko kichwani. Ndiye aliyewapa wengine wote majina. Sista alipotambulishwa kuwa ni mgeni, Breki alisema, "Basi ni Mama Mgeni, na hata akikaa miaka kumi atabaki Mama Mgeni," na jina likapita bila kupingwa.

Alhamisi ya kwanza Sista alikaa karibu na mlango, akachambua maharage, akaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyemsukuma aseme. Alirudi nyumbani, akaoga bila kujishauri.

Alhamisi ya pili karani wa posta alisema kwamba hajawahi kumweleza daktari kuhusu usiku wake, anaona haya. Breki akacheka. "Wewe unaona haya hujajaribu. Mimi nilijaribu. Ngoja nikusimulie." Wengine walianza kutabasamu kabla hajaanza, maana walikwisha kuisikia.

"Mimi nimeshusha lori milima ambayo hata mbuzi huishuka kwa adabu," alisema. "Sikuwahi kuogopa. Lakini mke wangu alipofariki nikaanza kukiogopa kiti chake. Kiti, jamani, cha miguu minne. Nikawa silali. Chakula nakitazama tu, kinanitazama. Nikasema niende kituo cha afya. Nilijipanga siku nne nini cha kusema, maana mwanamume mzima unaanzia wapi? Nikaamua nitaanza na usingizi. Nikafika, nikapanga foleni tangu alfajiri. Kule hakuna mtu, kuna kioo cheupe na tundu. Nikainama kwenye tundu kama mtu anayechungulia kuku, nikasema, Sista, silali, sili, na nikikaa peke yangu machozi yananitoka kama bomba bovu."

Akanyoosha mgongo, akabana pua, akaileta sauti ya mwanamke, kavu, ya haraka, yenye kulivuta neno la mwisho.

"'Una miaka mingapi, mzee?' Sitini na nane. 'Basi huo ni umri. Hapa hatutoi dawa ya umri. Nenda nyumbani ukacheze na wajukuu. Haya, mwingineee.'"

Chumba kizima kiliangua kicheko. Bibi wa chai alimwaga chai. Breki aliiga vizuri mno, hata ule mvuto wa mwisho aliupata sawasawa, na Sista aliisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kinywani mwa mzee yule kama mtu anayeitwa kwa jina katikati ya soko.

"Foleni yote ilicheka," Breki aliendelea, na sasa hakuwa akichekesha. "Na mimi nikacheka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilicheka pamoja nao, nikaaga, nikaondoka. Wajukuu wenyewe sina. Nikaingia ndani nikafunga mlango miaka miwili. Kaka yangu aliugua nikiwa humo ndani, akafa, na mimi sikwenda kumzika. Si kwamba sikutaka. Miguu haikuniinua kitandani. Shemeji yangu mpaka leo hanisemeshi. Anasema nina roho mbaya."

Mkono wa Sista ulikuwa umesimama juu ya sinia. Alimtazama yule mzee kwa siri, uso, masikio, vidole virefu, akijitahidi kumkumbuka. Hakumkumbuka. Alirudi nyuma mwaka baada ya mwaka, akatafuta mzee mrefu mwenye kofia, akaona foleni tu. Maneno yale alikuwa ameyatumia kwa watu wengi mno, tena alikuwa akijivunia kwamba yanachekesha, yanapunguza uchovu wa watu wanaongoja.

Alitoka nje, akasimama kwenye bomba, akaacha maji yamwagikie mikono. Mama Pacha alimfuata.

"Ulijua," Sista alisema.

"Nilijua. Siku ile nilikuwa ukumbini na ufagio."

"Kwa nini ukanileta hapa?"

"Ulitaka kikundi cha mbali, na mimi sina kingine. Ningekwambia ukweli usingekuja popote. Nikajipa moyo kwamba hatasimulia." Alifunga bomba lililokuwa likipoteza maji. "Na mimi nilicheka siku hiyo, Sista. Usidhani nimesimama mahali pazuri kuliko wewe."

Kuanzia hapo Sista aliamua kutofungua kinywa ndani ya chumba kile. Uso wake Breki hakuwahi kuuona pale dirishani, lakini sauti angeijua hata gizani. Akawa anaitikia kwa kichwa, anacheka kwa mabega, anaaga kwa mkono. Wenzake wakakata shauri kwamba ana ugonjwa wa koo. Bibi wa chai akawa anamletea maji ya moto yenye tangawizi. Mshonaji alimshonea kitambaa cha shingo. Na Breki, aliyejua jinsi kimya kinavyomla mtu, ndiye aliyejipa jukumu la kumtunza. Alimwekea kiti mahali pasipo na upepo. Alipochambua sinia lake akamaliza, alivuta la Sista akamsaidia. "Usijali, Mama Mgeni," alimwambia Alhamisi moja. "Mimi nilikaa hapa miezi mitatu bila neno. Siku likija, litakuja. Hapa hatuchekani."

Kila wema wake ulimchoma. Na dawa zilikuwa zimeanza kufanya kazi. Alilala usiku, chakula kikawa na ladha, akafungua mapazia. Lakini kadiri nguvu zilivyorudi, na aibu nayo ilipata nguvu. Alipokuwa mgonjwa kabisa hakuna kilichomuuma. Alikuwa kama mguu uliokufa ganzi. Sasa ganzi ilikuwa ikitoka. Alikuwa jikoni akimenya kitunguu, ghafla akaisikia "mwingineee", akalazimika kuweka kisu chini. Alikumbuka nyuso asizowahi kuziona, wazee walioinama kwenye tundu na kuinuka wakiwa wamenyamaza. Wangapi walikwenda kufunga milango? Hakuwa na njia ya kujua, na hakuna karatasi iliyoandikwa, kwa kuwa karatasi zenyewe aliandikia zamu.

Alhamisi ya sita alikuja mzee mpya, fundi saa wa zamani, aliyeletwa na binti yake akiwa ameshikwa mkono kama mtoto. Alikaa akatazama meza. Breki, kama kawaida yake, akataka kumlainisha. "Mzee mwenzangu, ngoja nikusimulie mimi nilivyokwenda kwa daktari nikakutana na tundu." Watu wakaanza kutabasamu. Akasimulia milima, mbuzi, kiti. Akainama. Akanyoosha mgongo, akabana pua.

"Usiendelee, baba," Sista alisema. "Mwenye sauti hiyo ni mimi."

Walicheka. Walidhani Mama Mgeni hatimaye amepona koo, na amefungua kinywa kwa mzaha. Bibi wa chai alipiga makofi. Karani wa posta alisema, "Kumbe ni mcheshi huyu." Sista aliwaangalia wakicheka, uso ukimwaka moto, na ikabidi aseme tena, mara hii akiwa amesimama.

"Sifanyi mzaha. Nilikaa kwenye lile dirisha miaka kumi na tano. Ni mimi niliyekwambia hatutoi dawa ya umri."

Breki aliitambua sauti. Ilionekana usoni, kitu kililegea, kisha kikafunga. Aliweka sinia mezani taratibu, punje zisimwagike, akachukua kofia yake akatoka. Wakazisikia hatua zake zikipita chini ya dirisha la kwanza, halafu la pili.

Hakuna aliyegusa maharage. Mmoja wa wajane, mwanamke mdogo wa mwili ambaye Sista hakuwahi kumsikia akiinua sauti, alisema bila kumtazama, "Marehemu mume wangu naye alipita dirisha hilo." Bibi wa chai alikichukua kikombe kilichokuwa mbele ya Sista, akasita nacho hewani, halafu akakirudisha pale pale, hakukijaza.

Alhamisi iliyofuata Breki hakuja. Na iliyofuata tena hakuja. Mama Pacha alikwenda kwake mara mbili, akajibiwa kupitia mlangoni kwamba yuko salama, aachwe. Kikundini walizungumza chini kwa chini, na Sista alisikia wanachokiogopa: amerudi ndani.

Asubuhi ya Ijumaa, Sista alivaa, akaenda. Mama Pacha alimsindikiza mpaka kona ya nyumba ya Breki, akasimama. "Mimi naishia hapa," alisema. "Nikija na wewe, ataongea na mimi."

Breki alikuwa uani, hakuwa amejifungia ndani. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akiziba tundu kwenye karai la bati. Alimwona, akaendelea kuziba.

"Hodi, baba."

"Umekwisha kuingia."

Alisimama hapo hapo. Hakuonyeshwa pa kukaa, naye hakupatafuta.

Breki alipiga nyundo mara mbili, kisha akauliza, "Siku ile kikundini niliposimulia mara ya kwanza. Ulinikumbuka?"

Sista alijua angeweza kusema ndiyo. Lingekuwa jibu la heshima, na huenda ndilo alilotaka kulisikia. "Hapana," alisema. "Nimejaribu sana. Sikukumbuki."

"Hata kidogo?"

"Nilikuwa nawaambia wengi maneno hayo."

Nyundo ilitulia juu ya karai. "Mimi miaka minne nakukumbuka kila siku ya Mungu," Breki alisema. "Najiuliza nilikukosea nini. Nikasema labda nilizungumza vibaya. Labda ningeanza na chakula, si usingizi. Labda lile la bomba bovu lilikuwa la kitoto."

"Hukukosea," Sista alisema, na machozi yalikuja lakini aliyaacha, hakutaka yaonekane kuwa ombi. "Ulisema sawasawa, kwa mpangilio kuliko wengi. Kila ulichosema kilikuwa dalili, na mimi nilikuwa nimesomea dalili hizo. Nilizijua. Nilitaka foleni iishe."

Breki aliligeuza karai, akalitazama kwenye mwanga, akaona bado linavuja nuru sehemu moja.

"Siwezi kukwambia yamekwisha," alisema.

"Sikuja kuomba hilo."

"Umekuja kufanya nini, basi?"

"Kukuomba urudi Alhamisi. Kama kuniona kunakushinda, mimi nitaacha."

"Ukiacha utakwenda wapi?"

Sista alitazama lango.

"Utarudi kitandani," Breki alisema. "Na mimi nisipokwenda nitarudi kitandani. Tutakuwa wapumbavu wawili, kila mmoja na shuka lake." Hakutabasamu aliposema. "Nitakuja. Ila usikae karibu na mimi."

"Sawa, baba."

Aligeuka kuondoka. Alikuwa amefika kwenye lango alipoitwa, na safari hii alimwita Sista.

"Shemeji yangu," Breki alisema. "Nimemweleza kwamba nilikuwa mgonjwa. Haamini. Anasema hakuna ugonjwa wa kumzuia mtu kumzika ndugu yake wa tumbo moja. Mimi ni dereva, siwezi kumweleza akaelewa. Wewe ni muuguzi. Wewe mwambie."

Jumamosi walikwenda, Breki mbele, Sista hatua kumi nyuma. Shemeji alikuwa mwanamke mzee mwenye mgongo ulionyooka, akiuza mayai barazani kwake. Alimwona Breki amesimama langoni, akageuzia uso trei za mayai. Sista alipita peke yake, akamwamkia, akasema alichotaka kusema atakimaliza haraka.

Hakumaliza haraka. Alieleza sonona ni nini, inavyomchukua mtu miguu, inavyomfanya aonekane hana haja na watu wake hali ndani anaungua. Shemeji alisikiliza akiwa amekunja mikono.

"Kama ni ugonjwa, kwa nini hakwenda hospitali?"

"Alikwenda, mama."

"Wakampa nini?"

"Hawakumpa kitu. Walimcheka, wakamrudisha."

"Nani huyo aliyemrudisha?"

Wanunuzi wawili wa mayai walikuwa wamesimama wakisikiliza, mmoja akiwa na trei tupu kifuani. Sista alihisi macho yao ubavuni.

"Mimi," alisema.

Mwanamke yule alimtazama muda mrefu, kuanzia kitambaa cha shingo mpaka viatu. "Wewe," alisema. "Na mume wangu akafa akiuliza, mdogo wangu yuko wapi. Siku tatu anauliza. Mimi nikamwambia yuko njiani." Aliibana midomo. "Nimemchukia mtu huyu miaka mitatu, kumbe."

Hakuimalizia kauli. Alimpita Sista kana kwamba amepita nguzo, akashuka ngazi ya baraza, akaenda mpaka langoni. Sista hakusikia walichosemezana. Aliona tu kofia ya Breki ikivuliwa, na mkono wa yule mwanamke ukimshika kiwiko, kwa nguvu, kama mtu anayemkamata mtoro. Walirudi pamoja wakapita barazani, wakaingia ndani, pazia la mlango likaanguka nyuma yao.

Wanunuzi wa mayai waliondoka. Sista alibaki barazani, hajui kama angoje au aende. Alidhani labda wangemwita. Ndani ilisikika sauti ya mwanamke ikilia, halafu ya mwanamume, halafu sauti ya vikombe.

Hawakumwita. Alisimama mpaka jua likamfikia miguuni, akaisogeza trei moja ya mayai kivulini ili yasiharibike, akashuka, akaelekea kwake kwa miguu. Njiani alikutana na watu waliomwamkia, akawaitikia kila mmoja kwa sauti yake mwenyewe, bila kuificha.